Kushe za bure hazitoshi: tupeni sabuni na maji

Ndugu wasomaji na wasikilizaji wa Goma, Nyiragongo, Sake na Minova, na ninyi wenzetu wa Bukavu, Uvira na kokote ambako vita imewatupa, leo siandiki juu ya risasi. Naandika juu ya matako ya mtoto. Wenye kutaka kucheka wacheke kwanza, halafu tuendelee, kwani jambo hili linakula mfuko wa familia, linajaza vyoo, na linasafirisha kipindupindu kutoka nyumba moja hadi ingine.

Kuko maneno yanayozunguka katika kartie zetu: eti mama mwenye akili anavalisha mtoto kushe, ile ya duka, ya kutupa, na yule anayemfunga mtoto vipande vya kikwembe ni mama wa kijijini, mchafu, asiyejua dunia imefika wapi. Utayasikia kwenye mstari wa chanjo. Utayasikia kanisani, mama anapoketi na mtoto wake na mwenzake anasogea pembeni akikunja pua. Wakati wa kuzaa, kwenye orodha ya vitu ambavyo mama anaambiwa ajitayarishe navyo, pakiti ya kushe imekaa juu kabisa, mbele ya sabuni. Nasema wazi: maneno hayo ni ya uongo, na wanaoyalipa ni wale wasiokuwa na kitu. Kwa familia iliyohama, na kwa mkaaji yeyote wa mahali ambako gari ya takataka haifiki, kitambaa ndicho chaguo la akili. Kushe ya kutupa iwe ya usiku, ya safari na ya siku mbaya. Isiwe ya kila saa.

Tuanze na pesa, sababu hapo hakuna mabishano marefu. Tuseme kushe moja ya rejareja unaipata franka 500. Kama butiki ya kwenu inauza chini ao juu ya hapo, weka bei yako na upige hesabu mwenyewe. Mtoto mchanga anahitaji kubadilishwa mara nane, hata kumi kwa siku. Akikua kidogo ni mara tano ao sita. Tuchukue tano tu, tusionekane kama tunatia chumvi. Hiyo ni franka 2.500 kwa siku, 75.000 kwa mwezi. Mtoto akikaa katika kushe miaka miwili, ni kushe 3.650, na pesa zaidi ya franka 1.800.000. Ninyi mliopokelewa na familia za watu tangu kambi za pembeni ya Goma zivunjwe katika Februari 2025, ninyi mnaobeba mizigo sokoni ao kusukuma chukudu ili mpate unga wa jioni, niambieni: pesa hiyo inatoka wapi?

Haitoki. Na hapo ndipo shida ya kweli inaanza, sababu mama ambaye hana pesa ya kushe tano ananunua kushe moja, ao mbili, na kuzihurumia. Anamvika mtoto asubuhi, anaenda naye shambani ao sokoni, anamvua jioni. Kushe imekuwa nzito kama jiwe. Kuna poda ndani yake inayonyonya mkojo na kuugeuza kuwa kama uji mgumu, kwa hiyo kwa nje inaonekana bado inaweza kuendelea. Lakini choo kikikaa pamoja na mkojo juu ya ngozi, ngozi inaungua. Matako yanakuwa mekundu, yanachubuka, halafu fangasi zinaingia katika mikunjo. Mama anapaka poda, anapaka mafuta ya mawese, anapaka lolote. Dawa ya kwanza ni rahisi kuliko hizo zote: kumbadilisha mara nyingi, kumwosha kwa maji, na kumwacha matako wazi apigwe na hewa. Mama mwenye vipande 20 vya kitambaa anambadilisha mtoto bila kuwaza pesa. Mama mwenye kushe moja anawaza pesa kwanza. Sisemi kushe ni sumu. Kwa mtoto anayebadilishwa kila saa tatu, kushe ya duka inafanya kazi nzuri sana, hilo nalikubali bila shida. Nasema kushe ya kuhurumia ndiyo inayomchoma mtoto.

Tena kuko wanaokausha kushe juu ya bashi ili waitumie mara ya pili. Tafadhali, hapana. Ile poda haiachi uchafu ilioumeza. Jua linakausha ngozi ya juu tu. Na kuko wengine wanaofunga mtoto kitambaa, halafu juu yake wanafunga sachet ya plastiki ili mkojo usilowanishe mgongo wa mama. Namwelewa mama huyo, amebeba mtoto kutwa nzima na nguo ni moja. Lakini plastiki inafungia joto na majimaji ndani, na mtoto anaungua vilevile. Afadhali kukunja kitambaa mara mbili, kuweka kingine katikati, na kubeba vingine viwili ndani ya mfuko.

Sasa tuje kwa takataka, kwani hapa ndipo hasira yangu iko.

Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo ililipuka mwaka wa 1977, ikalipuka tena mwaka wa 2002 na moto ukapita katikati ya muji hadi ziwani, ikalipuka tena Mei 2021 na moto ukaishia Buhene, mlangoni mwa muji. Kila mkaaji anajua maana yake: ukitaka kuchimba choo unapiga jiwe. Mashimo ni mafupi. Katika kambi vyoo vingi vilijengwa juu ya ardhi ao kwa shimo dogo, na vilipojaa, gari lilipaswa kuja na mpira kunyonya. Sasa weka kushe ndani ya shimo hilo. Kushe haiozi kama karatasi. Nje yake ni plastiki, ndani yake ni nyuzi za mti na ile poda inayovimba ikikutana na maji. Inavimba ndani ya choo. Inaziba mpira wa gari. Wafanyakazi wanaingiza mti wenye ndoano kuvuta kushe moja moja, ao wanashindwa na kufunga choo. Choo kimoja kilichokuwa cha familia nyingi kikifungwa, watu wanaenda wapi? Wanaenda nyuma ya banda, na mvua ya kwanza inamaliza kazi.

Wanaosema wanachoma takataka, niwaulize: mumewahi kuchoma kushe iliyolowa? Haiwaki. Inatoa moshi mweusi wenye harufu ya plastiki, ule moshi unaingia kwa jirani mwenye mtoto mwenye kikohozi, na asubuhi kushe iko palepale, nusu yake nyeusi, nusu yake nyeupe, mbwa wanaivuta. Wanaosema wanazika, wazike wapi? Juu ya jiwe? Na kule Bulengo ao Mugunga, shimo lina hatari ingine, mazuku, ile hewa mbaya inayojikusanya mahali pa chini na kuua mbuzi na watu bila sauti. Siyo kila mahali unaweza kumwambia mtu, chimba shimo refu.

Zinazobaki zinaenda katika mifereji, na mifereji inaenda ziwani. Ziwa Kivu ndilo robine ya wengi wetu. Watoto wanashuka na mabido ya manjano asubuhi na jioni, wanachota palepale pembeni. Wenzetu wa Bukavu wana hesabu yao ingine: takataka zinateremka kwenye milima kwa mvua, zinaingia ziwani, zinafika mahali Ruzizi inapotokea na kuziba mitambo ya umeme, na hapo muji unakaa gizani. Kila mara umeme ukikatika tunatukana shirika la umeme. Nusu ya matusi hayo tungejitukana sisi wenyewe. Serikali ilitoa amri mwishoni mwa mwaka wa 2017 kukataza mifuko ya plastiki. Kila mtu aende sokoni leo ajionee mwenyewe amri hiyo inaheshimiwa namna gani. Kwa hiyo nisiambiwe kwamba siku moja muji utapanga gari la kukusanya kushe.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalipendi nikilisema. Tunaamini kwamba choo cha mtoto mdogo siyo choo cha kweli. Eti ananyonya tu, choo chake ni kama maziwa. Siyo hivyo. Choo cha mtoto kina vijidudu kama cha mkubwa, na mtoto ndiye anayeharisha zaidi kuliko mkubwa. Hapa Goma hatuhitaji mwalimu wa kutufundisha. Katika Julai 1994 kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi Warwanda kwa majuma machache tu, na wazee wetu waliona maiti kando ya barabara. Kipindupindu hakijaondoka tangu wakati huo, kinalala na kuamka, na kila watu wanaposongamana kinaamka. Kushe iliyofunikwa na kutupwa nyuma ya nyumba ni choo kilichofunikwa na kutupwa nyuma ya nyumba. Watoto wakubwa wanaichezea. Kuku wanaichakura.

Hapo msomaji mwenye akili ataniuliza: na kitambaa je? Maji ya kufulia yanaenda wapi? Swali zuri, na wapenda vitambaa wengi wanalikimbia. Mimi silikimbii. Mama anayeshuka Kituku ao kwenye pwani yoyote na beseni la vitambaa vyenye choo, akavisuuza pale ambapo mtoto wa mwenzake anachota maji ya kunywa, amefanya ubaya sawasawa na yule aliyetupa kushe katika mfereji. Pengine zaidi, sababu yake inafika kwa saa hiyohiyo. Kitambaa ni chaguo zuri kwa sharti moja: choo kiishie chooni.

Na namna yake siyo ngumu. Ukimvua mtoto, choo kigumu kitikise ndani ya choo kabla hakijakauka. Suuza kitambaa kwa maji kidogo katika chombo ambacho hakitumiki kwa kazi ingine, na maji hayo ya kwanza, ambayo ndiyo ya hatari, uyamwage chooni, siyo kwenye njia, siyo kwenye mfereji, siyo ziwani. Ndipo ufue kwa sabuni, usuuze, na uanike juani, mahali pa juu, siyo juu ya majani ao mawe ambako kuku wanapita. Jua ni dawa ya bure. Katika inchi zetu za joto kuko inzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, na funza wake anaingia katika ngozi ya mtoto na kufanya jipu. Mwenye pasi ya makala apige pasi pande zote mbili. Asiyekuwa nayo ahakikishe kitambaa kimekauka kabisa kabla ya kukitumia. Mtoto akiharisha, hasa maji meupe kama maji ya mchele, mambo yanabadilika: mpeleke kituo cha afya haraka, na vitambaa vyake vichemshwe dakika tano ao zaidi, ao vitiwe dawa ya klori kama waganga watakavyokuonyesha. Na mikono, mikono, mikono, kwa sabuni. Ya mama, ya dada mkubwa anayemlea mtoto, na ya baba kama ameshika.

Kitambaa chenyewe kinatoka wapi? Tunacho. Kikwembe cha yadi mbili, kile kilichochoka ambacho huwezi tena kwenda nacho kwenye ndoa ya mtu, ukikikata kinatoa vipande sita vya karibu sentimita 60 kila upande. Vikwembe vinne vinatoa vipande 24, vinatosha siku mbili. Kilichochoka ni bora kuliko kipya, sababu kipya bado kina ile dawa ya kiwandani inayokifanya king'ae na kukataa maji. Tena angalia kama ni pamba. Siku hizi kuko vikwembe vya nailoni vinavyofanana kabisa na vya pamba. Tia tone la maji: likizama, ni kizuri; likisimama juu kama shanga, kitumie kama pazia. Fulana za kagwa zinafaa pia, na taulo iliyochakaa ni mfalme, ila inachelewa kukauka.

Maji ndiyo tatizo la kweli, na sitamdanganya mtu. Kufua vitambaa vinane ao kumi vizuri kunataka karibu bido moja na nusu, tuseme lita 30 kwa siku. Kitabu cha Sphere, kile ambacho mashirika ya kiutu yenyewe yanakishika kama kipimo chao, kinasema mtu apate angalau lita 15 kwa siku. Familia ya watu watano ni lita 75. Kwa hiyo mtoto mmoja anakula karibu nusu ya maji ya nyumba nzima kwa vitambaa peke yake, na hiyo ni pale ambapo lita 15 zinafika kweli, wakati wengi wenu mnajua zilikuwa zinafika ngapi. Mama mmoja aliyetoka Masisi aliniambia hivi: "Munatuambia tufue. Tufue na mate?" Sikuwa na jibu la kumpa yeye. Lakini nina jibu la kuwapa wengine.

Wenye kuleta misaada, sikieni. Munakuja na gari, munapanga akina mama mstari, munampa kila mmoja pakiti ya kushe, munapiga picha, munaondoka. Pakiti ya kushe 30 inaisha kwa siku sita. Siku ya saba mtoto yuko uchi, mama amezoea, na shimo la choo limepokea kushe 30 mara idadi ya akina mama wote waliosimama mstarini. Ni nani kati yenu aliyekuja na pipa la kuzitupa? Ni nani aliyelipa gari la kunyonya choo? Kitabu chenu hichohicho kinasema kila mtu apate kwa mwezi gramu 250 za sabuni ya kuoga na gramu 200 za sabuni ya kufua, na kinataja nguo za watoto na vyungu vya kujisaidia kulingana na mahitaji ya nyumba. Sabuni hiyo iko wapi? Na gramu 200 za kufulia, kwa nyumba yenye mtoto anayekojoa, ni kidogo mno. Badala ya kushe munazogawa, munaweza kumpa mama vitambaa vya pamba 20, beseni lenye rangi yake peke yake, chungu kidogo cha mtoto, na vipande vya sabuni vya miezi mitatu. Hiyo haipendezi kwenye picha, nakubali. Lakini inadumu hadi mtoto atembee, na inangojea mdogo wake.

Tena jengeni mahali pa kufulia. Siyo jambo la ajabu: simenti kidogo, mteremko, na shimo la kupokea maji machafu mbali na pale watu wanapochota. Wale wanaofanya kazi ya maji wanajua kulijenga kuliko mimi ninavyojua kulieleza. Katika kambi nyingi nilizotembelea nilihesabu vyoo, nikahesabu robine, na mahali pa kufulia sikuona, ama niliona kimoja kimevunjika ambacho kilikuwa kimegeuka kiti cha vijana.

Kuko pia msomi wa kartie, yule mwenye simu kubwa, ambaye ataniambia kwamba Wazungu wenyewe wamepima na wamekuta hakuna tofauti. Ni kweli walipima. Uingereza, mamlaka yao ya mazingira ilitoa hesabu mwaka wa 2008 na kukuta kwamba kwa wastani, uchafuzi wa hewa wa kushe ya kutupa na wa kitambaa unakaribiana sana. Lakini soma hadi mwisho, ndugu yangu. Kitambaa chao kinapoteza sababu wanakifua kwa mashine ya umeme na maji ya moto, na wengine wanakikausha kwa mashine ingine. Hesabu ileile inasema ukianika kwenye kamba nje, ukafua vingi pamoja, na ukavitumia kwa mtoto wa pili, kitambaa kinashinda vizuri. Sasa niambie, ni mama gani wa Kanyaruchinya mwenye mashine ya kukausha? Sisi tunafua kwa mikono na kuanika juani, na kikwembe kimoja kinapita kwa watoto watatu. Na kule kwao kushe inachukuliwa na gari kila juma. Huwezi kuleta hesabu ya London ukaiweka Ndosho.

Ni ajabu kwamba jambo hili la kushe tunaliona kama la tangu zamani. Pampers ilianza kuuzwa Marekani mwaka wa 1961, mwaka mmoja baada ya uhuru wetu. Bibi zetu walilea watoto kumi bila kuiona. Na walikuwa na ujuzi ambao tunauacha upotee: mtoto akiamka, ao akimaliza kunyonya, bibi alimshika kwa mapaja, akamwelekeza pembeni, akatoa sauti ya kuita mkojo, na mtoto akakojoa. Mnafikiri ni hadithi? Watafiti waliokaa na Wadigo wa pwani ya Kenya waliandika katika mwaka wa 1977, katika jarida la waganga wa watoto la Marekani, kwamba kwa namna hiyo watoto wengi walikuwa wakavu mchana na usiku wakiwa na miezi mitano ao sita. Sikuombi uache kila kitu na kumwangalia mtoto kutwa nzima, maisha ya kuhama hayakuachii nafasi hiyo. Nasema ukimshika mara tatu kwa siku kwa saa zinazojulikana, umepunguza vitambaa vitatu na nusu ya bido ya maji. Bibi akiwa nyumbani, mpe kazi hiyo. Anaijua.

Akina baba, msijifiche nyuma ya gazeti. Sababu moja kubwa ambayo akina mama wanalilia kushe siyo uvivu, na siyo kiburi. Ni kwamba kufua ni mzigo wao peke yao, juu ya kuchota maji, kutafuta kuni, kupika, kunyonyesha na kwenda kutafuta. Baba ameketi chini ya mti na wenzake, anachambua vita na siasa ya Kinshasa, na nyuma yake kamba ya vitambaa iko tupu sababu mke hajapata nafasi. Mwanaume akionekana na beseni la vitambaa vya mtoto, wenzake wanasema amelishwa dawa na mke wake. Basi niwape njia ya kuokoa heshima yenu: chota maji. Bido la lita 20 ni uzito wa kilo 20, hiyo ni kazi ya mwenye nguvu, hakuna atakayekucheka. Mabido mawili jioni, na mkeo atafua. Halafu siku moja akiwa mgonjwa utafua na wewe, na utakuta mikono yako haikukatika.

Na ninyi akina mama mlio na uwezo, mnaoishi katika nyumba za simenti Himbi ao Katindo, mnaweza kununua kushe, nunueni, pesa ni yenu. Ila msitupe kushe katika bonde ambalo maji yake yanashuka kwa maskini. Mtoe choo kwanza, mtupe chooni. Kushe yenyewe mkunje, muifunge, muilipie yule kijana wa takataka, na mumuulize anaipeleka wapi. Na msikunje pua kanisani. Mtoto aliyefungwa kikwembe kilichofuliwa na kukaushwa juani ni msafi kuliko mtoto aliyevaa kushe ya tangu asubuhi, hata kama ya pili ina picha ya dubu.

Nimesema kushe ina siku zake, na sitaki mtu anigeuzie maneno. Siku ya kukimbia, pale mizinga inapolia na unabeba mtoto, sufuria na godoro, hakuna mtu atakayekuuliza juu ya mazingira: vika mtoto kushe utembee. Safari ya boti ya usiku kutoka Goma hadi Bukavu, vika kushe. Mama aliyejifungua kwa upasuaji na hawezi kuinama, mama wa mapacha asiyekuwa na msaidizi, mama mgonjwa, mtoto aliyelazwa hospitalini ambako hakuna mahali pa kufua, wote hao wapewe kushe, tena za kutosha, siyo pakiti moja ya picha. Usiku, mwenye uwezo wa moja, aitumie usiku ili mama alale. Wakati wa mvua za Machi na Aprili, vitambaa vinapokataa kukauka siku tatu, kuwa na kushe chache pembeni ni busara. Kitambaa kibichi kinamchoma mtoto vilevile.

Basi kamati za wahami, viongozi wa avenyu na akina mama wa vyama, tarehe ya mgao ujao itakapotangazwa, na itatangazwa kwani imezoea kutangazwa siku mbili kabla, fikeni kwenye kikao na maombi matatu yaliyoandikwa: sabuni ya kufulia kwa kila nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka miwili, hesabu yake ikiwa mbali na ile ya wakubwa; beseni na vitambaa vya pamba; na mahali pa kufulia penye shimo la maji machafu. Wakiwajibu kwamba kushe zimekwisha kununuliwa ziko katika depo, muulize swali moja tu, kwa upole, mbele ya watu wote, na msubiri jibu lake: zikitumika, zitatupwa wapi?